Terasi ya Kamalondo: michopo ya kweli, ila goli linafika kwa majirani kwanza

Nianze na kile kiliniuma kwenye hii terasi ya bia ya hapa Kamalondo, Lubumbashi; michopo, ile mbuzi ya kuchoma, itakuja nyuma. Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025, Léopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, na Cameroun kule Rabat, nusu fainali ya barrage ya Afrika (mechi za mchujo) ya kutafuta Kombe la Dunia, dakika 90 zimeisha sifuri kwa sifuri, terasi nzima kimya mpaka unasikia mafuta ya mbuzi yanadondoka kwenye makaa, hakuna anayeshika chupa tena, yule dada wa kugawa bia naye amesimama na sahani mkononi hajui aipeleke meza gani. Kwenye ekra yetu tunangoja korna ipigwe. Haijapigwa. Na hapo njo tukasikia ng'ambo ya barabara UUUUWEEEEE!!! viti vinaanguka, mtu anapiga sufuria, piki zinapiga honi, na sisi huku bado tunaangalia mpira umelala kwenye kona.

Jamani. Kijana mmoja akaruka juu, "Tumefunga!", papa mmoja mwenye jezi nyeusi na nyeupe akamshika suruali akamrudisha kitini, "Kaa chini weye, kwetu haiyafika." Tukakaa. Watu wazima kama sitini tumekaa tunangoja furaha yetu vile watu wanangojaka kuran ya umeme irudi. Nilikuwa nahesabu moyoni, nikapita 30, ndipo korna ikapigwa, ndipo Mbemba akaupata, 1-0, dakika ya 91, na kelele tulipiga ndiyo, tukakumbatiana, mimi nilimkumbatia mtu simjui mpaka leo shati yangu iko na pilipili yake, lakini ile furaha ilikuwa bukari, ugali, ya jana imepashwa moto. Inashibisha, lakini unajua ni ya jana.

Sababu yake nilielezwa kesho yake na fundi mmoja wa mambo ya televisheni. Majirani wana dekoda na parabole, picha inatoka uwanjani inapanda kwenye satelaiti inashuka kwenye lile sahani juu ya bati, basi. Terasi yetu inaonyesha kwa intaneti, na intaneti inakata picha vipande vipande, inaweka vipande vingine akiba kwanza ili isigandegande, ndipo inakuonyesha, na kila kipande cha akiba ni sekunde uko nyuma. Mechi ya 4-2 hata hauoni shida, ukiibiwa goli moja yanabaki matano. Lakini mechi ya goli moja, watu wamekaa saa mbili nzima juu ya ile sekunde moja tu, na sekunde yenyewe unaisikia kwa jirani! Basi umelipia nini?

Nilimwambia mama mwenye terasi, kwa heshima, nikamwita Mama vizuri. Akaniangalia toka kichwa mpaka viatu. "Papa, weye unalia juu ya sekunde? Bia yako njo ilichelewa?" Haikuchelewa, siwezi kumsingizia. Bia ya Simba ya baridi kabisa, chupa inatoka jasho, na usiku ule ilikuwa inafika kabla haujamaliza kuinua mkono.

Sasa michopo. Hapa sina neno. Yule mwenye kuchoma yuko pale mlangoni na gogo lake, anakata na panga, anakuuliza "na mufupa ao bila mufupa", ukisema bila mufupa anakuonea huruma kidogo lakini anakukatia. Mbuzi inaiva taratibu, haiungui nje ikabaki mbichi ndani kama wanavyofanyaka pahali pengine wakiona watu ni wengi. Inakuja na vitunguu vibichi, chumvi imekusanywa pembeni ya sahani kama kilima kidogo, na pilipili ya kusaga ambayo nawaomba muiheshimu. Bukari inakuja ya moto imefunikwa, siyo ile imekauka ngozi juu. Niliagiza dakika ya 20 ya kipindi cha kwanza, nikaanza kula dakika ya 60, na sikulalamika maana na mechi yenyewe ilikuwa hivyo hivyo, Cameroun wanakuja wanarudi, sisi tunakuja tunarudi, hakuna kinachoiva.

Bei: siku ya mechi wanaongeza franka 500 kwa kila chupa na hawakuambii mpaka wakati wa kulipa. Hii si sawa. Ongezeni lakini andikeni ukutani tujue. Choo, twende mbele.

Kuhusu pa kukaa. Iko Kamalondo, siyo mbali na uwanja wa timu ya Mazembe, kwa hiyo siku za kawaida pale ni nyeusi na nyeupe mtupu na mtu wa Lupopo, wapinzani wao wa mjini, akiingia anakaa chini ya mwembe na wenzake wawili watatu wa bleu na jaune (buluu na njano) kama wageni wa msiba. Siku ya Léopards hayo yanakufa, nimeona kwa macho yangu mtu wa Mazembe anamkatia nyama mtu wa Lupopo. Ila kuna nguzo ya chuma katikati inayoshika bati, ukikaa meza ya nyuma yake utaangalia mechi ya wachezaji ishirini na wawili ukiona kumi na sita. Na kuna papa mmoja, mzee, anakaaka mbele kabisa na koti hata kukiwa joto, yeye mechi ya 1974 anaikumbuka yote. Wakati ule tulienda Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, tukiitwa Zaire, Yugoslavia wakatufunga 9-0. Ukimpa nafasi anakuhesabia moja moja. Usimpe nafasi.

Basi Jumapili tarehe 16 ni fainali ya ile barrage ya Afrika, na Nigeria, na mimi niliapa sirudi pale. Nikarudi, michopo ilinivuta. Kufika naona juu ya bati parabole! Mama ameazima dekoda kwa mtoto wa ndugu yake, ananionyesha na kidole, hasemi kitu. Na kweli, Onyeka alivyotufunga dakika ya 3 tuliumia pamoja na barabara nzima kwa wakati mmoja, na Elia alivyosawazisha dakika ya 32, aaah, ile kelele ilitoka huku na ng'ambo kama imepigwa na mkono mmoja. Hapo nikamnunulia mama Fanta.

1-1, dakika 90, wakaongeza. Na Novemba ya Lubumbashi munaijua. Mvua ilianza na matone makubwa mawili juu ya bati, halafu ikamwagika yote, na picha ikaanza kuwa vigaevigae, mguu wa mtu huku kichwa chake kule, kisha ekra ikawa nyeusi na maandishi tu. Parabole na mvua kubwa hawapatanaka, maji mengi angani yanakula ile signali kabla haijafika. Watu wakaanza kutukana mpaka mvua yenyewe. Mama hakutukana. Akachomoa waya wa dekoda, akachomeka ile ya intaneti, ikazunguka, ikazunguka, na picha ikarudi safi.

Ng'ambo nao walikuwa giza tupu. Tukawaona wanakuja wanakimbia kwenye mvua na viti vyao vya plastiki juu ya kichwa, wale wale wa Alhamisi, wameloana, wanaomba kusogezewa. Papa wa jezi akawaambia, "Mupite, lakini hapa kwetu goli linakuyaka pole pole." Tulicheka! Ila kulikuwa na mmoja kati yao ameweka redio ndogo kwenye sikio, na redio iko mbele ya picha ya intaneti mbali sana, tukamwona anatabasamu peke yake. Hakumaliza tabasamu. Redio ilishikwa, mawe ya redio (betri) yakatolewa, yakawekwa kwenye mfuko wa aproni ya mama mpaka mwisho wa mechi.

Karibu na mwisho wa muda wa nyongeza kocha Desabre akamtoa Mpasi golini akamwingiza Fayulu juu ya penalti. Hapo yule mzee wa koti akasimama. Anatetemeka kweli kweli. Anasema kubadilisha kipa si kitu cha kuchezea, 1974 na Yugoslavia walimtoa Kazadi, Kazadi wa Mazembe yetu hapa, ikiwa 3-0 na hata nusu saa haijafika, na munajua iliisha ngapi. Nikamwambia Papa, kaa, ile ilikuwa kitu ingine. Akasema, "Kipa ni kipa." Kila penalti ya Nigeria alikuwa anageuka anaangalia ukuta, tunamhadithia sisi. Fayulu alivyotoa ile ya Ajayi tulimgeuza kwa nguvu aone ikirudiwa. Halafu Mbemba tena, yeye tena, akaenda akaweka, 4-3, na safari hii hakuna mtu Kamalondo aliyetutangulia, au kama alikuwepo mvua ilimfunika.

Wale waliosema usiku ule tumeshafika Kombe la Dunia walipaswa watulie, ilikuwa imebaki barrage ya mabara mwezi wa 3 mwaka 2026. Lakini usiku ule nani angekwambia.

Kilichoharibika Jumapili: bia iliisha kabla ya penalti (watu walikuwa mara mbili ya viti), michopo ya mwisho ilikuwa mufupa mtupu na bei ile ile, na ile franka 500 wameiweka tena bila kuandika. Mahali pa kuegesha piki hakuna, utaiacha kwa watoto na utawalipa.

Ukienda siku ya mechi fika saa 12 jioni, kaa kushoto kwa nguzo, agiza nyama kabla mpira haujaanza. Ya mwezi wa 3 nilimwomba mama aweke parabole na intaneti zote mbili, ekra mbili, tuchague kufuatana na mvua. Amesema ekra ya pili nilete mimi.