Msumeno wa pembe wa bei nafuu kwa kazi za nyumbani: upi wa kwanza, upi uuache

Ukiamua kupiga skatingi (mbao za chini ya ukuta) mwenyewe, kuzungushia fremu za milango mbao za urembo, kutengeneza shelfu au kitanda cha mtoto, utaona mapema kwamba ubora wa kazi uko kwenye maungio. Msumeno wa mkono unakata vizuri tu, lakini kukata digrii 45 chumba kizima, kona baada ya kona, bila hata moja kwenda upande, kunataka mkono wa fundi aliyezoea. Msumeno wa pembe wa umeme unampa mtu wa kawaida uhakika huo. Shida inaanza dukani. Ukiingia Kariakoo utazikuta zimepangwa za kila rangi, na muuzaji atakuvuta kwenye kubwa zaidi, yenye reli za kuvutia kichwa mbele na nyuma, leza ya kuonyesha mstari wa kukata, na kichwa (sehemu yenye mota na bledi) kinacholala kulia na kushoto.

Kwa kazi za nyumbani, mimi nasema nunua msumeno wa bledi ya milimita 255, usio na reli, unaolala upande mmoja. Fedha utakayookoa inunue bledi nzuri. Mpangilio wangu wote umejengwa juu ya hoja hiyo, kwa sababu mbao inaguswa na bledi na ukingo inaoegemea. Vingine vyote ni nyongeza.

Unakata nini?

Mashine hii inakata mbao kwa kukingama, inakata pembe, basi. Haipasui mbao kwa urefu. Anayetaka kupasua mbao ya inchi 2 kwa 4 apate 2 kwa 2 aende kwa mwenye mashine ya kupasulia, au anunue msumeno wa mviringo wa mkononi. Asilazimishe kupasulia hapa, maana mbao haina kinachoishika sawasawa na inaweza kurushwa.

Halafu pima upana. Msumeno wa 255 usio na reli hukata kwa mkupuo mmoja mbao ya upana wa milimita 130 hadi 145 hivi ukikata mraba, yaani digrii 90, na karibu milimita 95 hadi 100 ukigeuza meza digrii 45. Kwa hiyo skatingi, bidingi (vibao vyembamba vya urembo), 2 kwa 2, 2 kwa 4 na mbao nyingi za urembo zinapita bila taabu. 1 kwa 6 ambayo haijarandwa ina milimita 150 na ushei, itabakiza kipande kidogo mwishoni. 1 kwa 8 haipiti kabisa: unakata hadi katikati, unaigeuza, unamalizia upande wa pili. Kwa mbao mbili tatu za shelfu hilo linavumilika. Kama kazi yako kubwa ni shelfu na makabati ya mbao pana, mpangilio wako utabadilika, nami nimelizingatia hapa chini.

1. Milimita 255 bila reli

Huu ndio wa kwanza. Kichwa chake kinashuka na kupanda kwenye bawaba moja tu, kwa hiyo hakuna sehemu nyingi za kulegea. Hata kiwanda cha bei nafuu kinaweza kuutengeneza vizuri. Ni mwepesi pia, mtu mmoja anaubeba kutoka stoo hadi uani bila kumwita jirani.

Kwa mwenye fedha ya ziada kidogo, Makita LS1040 ni kipimo kizuri cha kulinganishia nyingine: wati 1,650, mizunguko 4,600 kwa dakika, uzito wa kilo 11. Ni mashine ya siku nyingi, mafundi wanaijua. Ila jina hilo lina bandia nyingi sokoni, kwa hiyo Makita mpya inayouzwa kwa bei ya chapa za kawaida iache hapo hapo ilipo.

Kwa mfuko wa kawaida kuna Ingco na Total, chapa za Kichina zilizoenea kwenye maduka ya Afrika Mashariki. Sioni aibu kumshauri mtu azinunue kwa kazi za nyumba yake. Fundi anayekata kutwa atazichosha mapema, lakini wewe utakata skatingi ya vyumba vitatu, kisha mashine ipumzike hadi likizo ijayo. Jambo moja tu: katika chapa hizi mashine mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana, ndiyo maana ukaguzi wa dukani nitakaoueleza mbele ni wa lazima.

2. Milimita 216 yenye reli

Mwenye mbao pana aanzie hapa. Bosch GCM 8 SJL, ile ya bluu, ina wati 1,600 na inakata upana wa milimita 312 kwa unene wa 70, yaani 1 kwa 8 na hata 1 kwa 12 zinapita. Uzito wake ni kilo 17 na kidogo. DeWalt DWS774 nayo ni ya 216 yenye reli, na ina taa inayoangusha kivuli cha bledi juu ya mbao. Kivuli kile nakipenda kuliko leza. Kinaonyesha mahali hasa ambapo meno yatapita, hata ukibadilisha bledi, wakati leza inahitaji kurekebishwa na nje kwenye jua huioni kabisa.

Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Kwa sababu reli nzuri ni ghali kutengeneza. Kwenye reli ya bei rahisi, kichwa kikivutwa mbele kinacheza kulia na kushoto, na mchezo wa milimita moja kule mwisho wa reli unaharibu kila kona utakayokata. Kama bei yako inatosha reli mbovu tu, rudi namba moja.

3. Msumeno wa mkono na kisanduku cha pembe

Watu wataushangaa kuuona namba tatu, juu ya mashine za umeme. Kama unachotaka ni fremu chache za picha, bidingi za mlango mmoja, au konisi za jipsamu za sebule (urembo wa kona ya dari na ukuta), kisanduku chenye mipasuo ya digrii 45 na 90 pamoja na msumeno wa meno madogo vinatosha. Konisi za jipsamu hasa ni heri uzikate kwa mkono, maana unga wake ni mlaini mno, unaingia kwenye mota na beringi za mashine. Kumbuka tu kuiweka konisi kichwa chini ndani ya kisanduku: upande unaokaa kwenye dari ulale chini, upande wa ukuta uegemee ukingo.

4. Milimita 210 ndogo bila reli

Inafaa kwa skatingi na bidingi, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote za umeme. Ikikutana na 2 kwa 4 ya mninga au mkongo inalemewa. Tofauti ya bei kati yake na ya 255 mara nyingi haistahili kubanwa kiasi hicho.

5. Milimita 305, na za betri

Bledi ya 305 ni ghali, kuinoa ni ghali, na kwa kuwa ni pana hutikisika kirahisi zaidi ya ndogo. Ni mashine ya karakana. Za betri ni nzuri mno kwa fundi anayehamahama, lakini betri mbili na chaja yake vinaweza kufikia bei ya mashine nyingine ya waya. Kwa nyumba yenye umeme sioni sababu.

Ukaguzi wa dukani

Nenda na skwea ndogo (kipimo cha pembe mraba), rula ya chuma iliyonyooka na kipande cha mbao. Muuzaji mwenye nia njema atakubali kufungua boksi.

Kabla ya kuchomeka chochote, lalisha rula kwenye ukingo wa nyuma, igusane na vipande vyote viwili, wa kushoto na wa kulia. Ukiona mwanga katikati, ukingo haujanyooka, na kasoro hiyo nyumbani ni vigumu kuitibu. Kisha shika mpini, shusha kichwa nusu, usukume kulia na kushoto kwa nguvu ya wastani. Kucheza kidogo sana kunakubalika, kugonga hapana. Geuza meza hadi 45 kila upande uone kama inanasa kwa mlio mkavu au inateleza kama haina uhakika.

Sasa kata. Weka mbao ya upana wa milimita 100 hivi, meza ikiwa sifuri, ikate vipande viwili. Geuza kimoja, cha juu kiwe chini, uviunganishe tena ncha kwa ncha huku vyote vikiegemea rula. Kama msumeno unakata mraba kweli, ncha zinafungana mwanzo hadi mwisho. Kama kuna upenyo wa umbo la kabari, kosa la mashine ni nusu ya unachokiona, maana kugeuza kumelizidisha mara mbili. Nusu digrii tu kwenye upana wa milimita 100 ni karibu milimita 0.9, na mbao mbili zikikutana unapata upenyo wa karibu milimita 1.7. Hapo ndipo watu wanaanza kununua vikopo vya dawa ya kuzibia nyufa. Kosa la namna hii mara nyingi hurekebishwa kwa kulegeza bolti za ukingo na kuupanga upya kwa skwea, kwa hiyo mwombe muuzaji mrekebishe hapo hapo. Likikataa, chukua boksi lingine.

Achia swichi usikilize. Mashine zenye breki husimamisha bledi ndani ya sekunde chache, nyingine zinaendelea kuzunguka muda mrefu. Kwenye nyumba yenye watoto, breki ningeilipia. Angalia pia kama kuna kaboni za akiba za mota (vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota na kuisha kwa kusuguana) ndani ya boksi, na kama kaboni za aina hiyo zinauzwa dukani hapo.

Bledi

Bledi inayokuja na mashine nafuu mara nyingi ina meno machache, 24 au 40. Inafaa mbao za paa. Kwa mbao za urembo, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) na mbao ngumu tafuta ya meno 60 hadi 80 yenye ncha za kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Mkato unatoka laini, na nyuzi za mbao hazichomoki nyuma. Ukikata alumini, nunua bledi yake maalumu ambayo meno yameinamishwa nyuma, na ubane kipande cha alumini kwa klampu.

Nenda na bledi ya zamani unaponunua mpya. Tundu la katikati laweza kuwa milimita 30, 25.4 au 16 kutegemea mashine imetengenezwa kwa soko gani, na tundu lisilokaa sawa bila pete yake halifai hata kujaribiwa. Soma pia mizunguko iliyoandikwa kwenye bledi: lazima izidi mizunguko ya mashine yako.

Usifunge diski ya kukatia chuma kwenye msumeno huu. Ile mashine ya chuma ya inchi 14 inafanana nao kwa mbali, lakini inazunguka polepole zaidi na imejengwa kwa ajili ya cheche. Huu una kinga za plastiki na mfuko uliojaa unga wa mbao. Cheche zikiingia humo ni moto.

Mtumba na umeme

Mtumba wa Ulaya ukiwa mzima ni mali. Kabla ya kulipa mtumba wowote, soma kibao cha mashine. Za Marekani na Kanada ni volti 120, za Japani ni 100, na zipo za Uingereza zenye plagi ya njano ya mviringo, hizo ni za maeneo ya ujenzi na ni volti 110. Ukizichomeka kwenye volti 230 zetu mota inaungua. Transfoma ya kushushia umeme yenye uwezo wa kutosha ni nzito na ina bei yake, ukiijumlisha unakuta mpya ingekuwa nafuu.

Mashine ya wati 1,800 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 8, na kuwaka kwake kunavuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Soketi ya kawaida ya ampea 13 inaiweza. Waya wa ekstensheni uwe wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali mfupi, 2.5 ukienda mbali uani, na uufungue wote usibaki kwenye kibiringita, maana unapata joto. Jenereta ndogo ya wati 950 haiwezi kazi hii.

Miwani nunua siku hiyo hiyo, na barakoa, hasa kama utakata mvule, ambao vumbi lake linawasha pua na ngozi. Glavu usivae, zinavutwa na bledi. Mkono ukae angalau sentimita 15 kutoka kwenye bledi, na kipande kifupi kuliko hapo kishikwe na klampu. Fungia mashine kwa bolti kwenye benchi au ubao mpana, kisha tengeneza vigogo viwili vya kimo sawa na meza yake vya kubebea ncha za mbao ndefu, kwa sababu mbao inayoning'inia upande mmoja hupindisha mkato hata kwenye mashine nzuri.

Mwisho wa yote dai risiti ya EFD (ile inayotoka kwenye mashine ya kodi) yenye jina la modeli, kwa sababu bila hiyo dhamana utakayoahidiwa kaunta huna pa kuidai.