Kamera ya Digrii 360: Ipi Inafaa Kununuliwa Nairobi

Tangu YouTube ilipoanza kupokea video za digrii 360 mwezi Machi 2015, na Facebook ikafuata Septemba mwaka huohuo, video ambayo mtazamaji huigeuza kwa kidole ili aone juu, chini na nyuma imekuwa chombo cha kazi kwa madalali wa nyumba, waongoza watalii na wapiga picha za harusi. Anayeingia madukani katikati ya jiji la Nairobi kutafuta kamera ya aina hiyo anapaswa kwanza kuelewa nambari zilizoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupoteza pesa zao.

Kamera ya 4K husambaza pikseli 3,840, yaani nukta ndogo zinazounda picha, katika upana wa mzunguko mzima, ilhali mtazamaji huona takriban robo tu ya mzunguko huo kwa wakati mmoja. Gawanya kwa nne na utabaki na pikseli 960, picha hafifu hata kwenye simu. Kamera ya 5.7K humwachia mtazamaji pikseli 1,440, na ya 8K pikseli 1,920, yaani upana wa video ya kawaida ya Full HD. Kwa sababu hiyo simshauri mtu yeyote anunue leo kamera ya video iliyo chini ya 5.7K, hata akipunguziwa bei namna gani.

Nafasi ya kwanza naipa Insta360 X4 ya mwaka 2024. Inarekodi 8K, na vikinga lenzi vyake hutolewa na kubadilishwa, jambo lenye uzito mkubwa kwa kamera ambayo lenzi zake mbili zimebinuka nje na hugusa chochote inapolazwa mezani. Hata hivyo, kwa ubora wa juu kabisa hutumia takriban gigabaiti 1.5 kwa dakika, hivyo kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 128 hujaa kabla ya saa moja na nusu. Weka katika bajeti kadi halisi yenye alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika data na kompyuta yenye nguvu, na usitegemee bando la simu kupakia kazi ya siku nzima.

Insta360 X5 ya mwaka 2025 inafuata, na kwa anayepiga harusi za jioni au ibada za usiku ningeitanguliza bila kusita. Vihisi vyake, yaani sehemu zinazopokea mwanga, ni vikubwa zaidi, kwa hiyo giza haliijazi picha chengachenga, na lenzi iliyovunjika unaweza kuibadilisha mwenyewe. Kwa anayefanya kazi mchana, tofauti ya bei ni afadhali iende kwenye kadi na betri ya akiba.

Dalali anayehitaji picha tuli za vyumba, wala si video, atahudumiwa vyema zaidi na Ricoh Theta Z1 ya 2019, yenye vihisi viwili vya inchi moja. Video yake ni ya 4K tu, na haina nafasi ya kadi.

Nafasi ya nne ni Insta360 X3 ya mwaka 2022 iliyotumika, ambayo hurekodi 5.7K na inamtosha anayejifunza. Samsung Gear 360 ya 2016 iepuke kabisa, kwani programu yake iliundwa kwa simu teule za wakati huo.

Kamera ya mtumba ikaguliwe kabla pesa hazijatoka mfukoni. Washa tochi ya simu na uimulike lenzi kwa pembeni, kwa maana mkwaruzo usioonekana ukiitazama moja kwa moja hujitokeza hapo, na ndio utakaotia ukungu kila video inayoelekea jua. Kisha rekodi dakika chache ukiwa mlangoni pa duka na utazame mshono, yaani mahali picha za lenzi mbili zinapoungana. Fremu ya mlango iliyo karibu sana na kamera itakatika kidogo, na hilo ni la kawaida kwa kamera zote za aina hii. Lakini jengo la ng'ambo ya barabara likikatika pia, huenda lenzi zimesogea, na kamera hiyo mrudishie muuzaji. Ikipita jaribio hilo, linganisha nambari ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye mwili wa kamera na ile ya boksi, halafu udai risiti inayoitaja.