Nalipia kuyaona machaguo yangu ya zamani, na mwaka huu nitalipia tena

Akaunti yangu ya programu ya kuchezea besiboli ya fantasi inaisha mwisho wa mwezi. Ni shilingi 3,200 kwa mwaka, na kwa mtu anayelipa karo ya watoto wawili hizo si pesa za kutoa bila kufikiri. Kwa hiyo juzi, watoto walipolala, nilijimiminia chai ya tangawizi, nikaketi sebuleni kwangu Buruburu na kufungua ule ukurasa ambao kwangu ndio huduma yenyewe: rekodi ya kila mchezaji aliyechaguliwa katika ligi yetu ya fantasi ya besiboli tangu 2021. Drafti tano (drafti ni ile siku ya kuchagua wachezaji, mara moja kwa mwaka), watu kumi, raundi 23 kila mwaka. Machaguo 1,150. Nilikaa nayo mpaka saa nane usiku.

Jina la programu silitaji. Nitasema mabaya yake kadhaa na sitaki iwe kesi. Anayecheza fantasi ya besiboli ataitambua aina yake, kwa sababu zote zinafanana: kuchezea ni bure, ila anayetaka utabiri wa msimu, alama za hatari ya majeraha na rekodi za miaka iliyopita sharti alipe. Asiyelipa huonyeshwa drafti ya mwaka jana tu.

Watu huniuliza besiboli imeingiaje Nairobi. Kwetu iliingia kupitia kazi. Tunafanya kazi ya usiku ya kunakili sauti, na sauti nyingi ni za Wamarekani wakizungumza. Mwenzetu mmoja alikuwa akipewa mazungumzo ya besiboli kila wiki na hakuelewa neno, akaanza kutazama mechi ili ajue anachoandika. Akatuambukiza. Mechi ya saa moja na dakika tano jioni New York kwetu huanza saa nane na dakika tano usiku, wakati ambao sote tuko macho na vipokea sauti masikioni. Aliyetuambukiza ndiye tunayemwita Kamishna hadi leo.

Kwa asiyejua, mambo yenyewe ni haya. Kila Machi mnakutana na kuchagua wachezaji halisi wa ligi kuu ya Marekani kwa zamu, na zamu hupinda kama nyoka: aliyechagua wa mwisho raundi ya kwanza huanza raundi ya pili. Mchezaji akishachukuliwa ni wako peke yako. Akipiga homurani, yaani mpira ukaruka nje ya uwanja, akiiba besi, yaani akikimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, au kama ni mrushaji akawatoa wapigaji kwa straikauti, yaani kwa kuwashinda mara tatu kwenye zamu moja, hesabu inakuingilia wewe hadi Septemba.

Sasa nieleze kilichonifanya nisilale.

Ukurasa huo unaweza kuusoma kwa namna mbili. Ya kwanza ni raundi kwa raundi, kama drafti ilivyokwenda, na wengi huishia hapo. Ya pili ni safu kwa safu: unagusa jina lako, unaona machaguo yako yote 23 kutoka juu hadi chini, wapigaji kwa kijani na warushaji kwa buluu. Unaweza kupanga safu zako za miaka mitano ubavu kwa ubavu kwenye kioo kimoja. Sikuwahi kufanya hivyo kabla ya usiku ule.

Nilikuwa naamini bahati yangu na warushaji ni mbaya, basi. Mwaka 2023 raundi ya nne nilimchukua Jacob deGrom. Alikuwa ametoka kusaini mkataba wa miaka mitano na Texas Rangers, dola milioni 185. Akaanza mechi 6 tu, akawatoa watu 45 kwa straikauti, kisha kiwiko kikakatika kano na Juni akafanyiwa upasuaji. Rangers wakachukua ubingwa mwaka huohuo bila yeye. Mwaka 2024 zamu yangu ilikuwa ya tisa, nikamkuta Spencer Strider hajaguswa. Msimu uliotangulia alipata straikauti 281 na kuvunja rekodi ya John Smoltz katika klabu ya Atlanta. Mwaka huo alicheza mechi 2. Kiwiko. Mwaka jana drafti yetu ilikuwa Jumamosi tarehe 1 Machi, raundi ya nne nikamchagua Gerrit Cole. Tarehe 11 Machi, siku kumi baadaye, kabla msimu haujaanza, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Miaka mitatu, viwiko vitatu. Nilikuwa nikiisimulia kama mkosi, na wenzangu kazini walinipa pole kwelikweli.

Safu zilipokaa ubavu kwa ubavu, nikaona kitu kingine. 2023: buluu ya deGrom raundi ya nne, halafu kijani, kijani, kijani, kijani, na buluu ya pili inakuja raundi ya tisa. 2024: buluu ya Strider juu kabisa, kisha kijani tupu hadi raundi ya nane. 2025: buluu ya Cole, kisha hakuna mrushaji hadi raundi ya kumi. Kila mara nikishampata mrushaji mmoja mkubwa, najiona nimeshiba. Naacha wengine wapite, naenda kutafuta wapigaji, na timu nzima ya warushaji inabaki ikining'inia kwenye kiwiko cha mtu mmoja.

Nikagusa safu ya jirani yangu wa dawati. 2024 alimchukua Tarik Skubal raundi ya sita. Skubal naye alikuwa na historia ya upasuaji wa mkono, tena zaidi ya mmoja, kwa hiyo siwezi kusema alichagua kwa usalama kuliko mimi. Lakini chini ya Skubal kuna buluu raundi ya saba, buluu ya nane, na raundi ya 23 kabisa kuna Paul Skenes, kijana aliyekuwa bado hajarusha mpira hata mmoja ligi kuu. Skubal alimaliza na ushindi 18 na straikauti 228. Skenes aliitwa tarehe 11 Mei akawa mchezaji mpya bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Hata Skubal angeumia, jirani yangu angesimama.

Hilo halikuwa kwenye utabiri wowote niliolipia. Utabiri hukupa mchezaji mmoja mmoja: huyu atafanya hivi, yule vile. Alama ya hatari ni ya rangi, kijani, manjano au nyekundu, na ninakumbuka Strider alikuwa kijani siku ile nilipomchukua. Siwalaumu sana, kano ya kiwiko haina ratiba. Ila kama ningekuwa nalipia utabiri peke yake, mwezi huu ningeacha.

Jambo ambalo utabiri ulilipatia sawasawa ni besi za kuibwa mwaka 2023. Mwaka huo ligi kuu ilibadilisha sheria: besi zikapanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, mrushaji akawekewa saa, na akazuiwa kugeuka mara nyingi kumtisha aliyeko kwenye besi. Programu ilituambia mapema kwamba wakimbiaji watafaidi. Kweli, besi zilizoibwa ligi nzima zilipanda kutoka 2,486 hadi 3,503. Waliosikiliza walivuna. Mimi nilisikiliza, na kwa wapigaji ule ndio mwaka wangu bora.

Na mwaka huohuo ndio wenye tukio ambalo ukurasa hauwezi kulisimulia, na hapa ndipo ninapoidai huduma hii zaidi. Drafti ilipangwa Jumapili tarehe 12 Machi 2023, saa sita mchana kwa saa za New York. Kamishna alihesabu tofauti ya saa nane, akatuambia saa mbili usiku. Lakini alfajiri ya Jumapili hiyohiyo Wamarekani walisogeza saa zao mbele kama wafanyavyo kila Machi, na saa sita yao ikawa saa moja yetu. Programu iliandika saa za New York tu, haikutoa onyo lolote. Saa moja kamili mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu vya pilau. Mwenzetu mwingine, kijana wa Voi, alikuwa kwenye matatu Thika Road, foleni haisogei karibu na Roysambu, simu ina chaji kidogo.

Zamu yake ilikuwa ya pili. Kwa wiki nzima alikuwa ametuambia anamtaka Trea Turner, aliyekuwa amehamia Philadelphia kwa dola milioni 300, na hakuna mtu angemgeuza. Muda wake ukaisha, programu ikamchagulia yenyewe. Ikamchukua Ronald Acuña Jr. Alinipigia simu akiwa bado kwenye matatu, sauti imekauka: “Dadangu, wamenipa mtu wa goti.” Maana sote tulikumbuka goti la Acuña lililochanika Julai 2021. Mimi ndiye niliyekuwa naye mwaka huo, nikamwambia pole kutoka moyoni.

Acuña alipiga homurani 41 na kuiba besi 73. Hakuna mtu katika historia ya ligi kuu aliyewahi kufika 40 na 70 kwa msimu mmoja. Turner naye alihangaika tangu mwanzo hadi Agosti, mpaka mashabiki wa Philadelphia wakasimama kumpigia makofi ili kumtia moyo. Kijana wa Voi akabeba ligi.

Kwenye ukurasa tukio hilo ni mstari mmoja: chaguo la 2, Acuña. Hakuna alama kwamba mashine ndiyo iliyochagua, na hakuna mahali pa mtu kuandika hata maneno kumi ya kueleza. Mtu mpya akiingia ligi yetu leo atadhani kijana yule ana jicho la ajabu. (Analo, lakini kwa mambo mengine.) Nimewaandikia wenye programu mara mbili nikiomba sehemu ya maelezo kando ya kila chaguo. Hadi wakubali, mimi ninatumia daftari. Kila drafti naandika niliyemchukua, nani nilimwacha, na kwa nini. Daftari bila ukurasa lingekuwa na hadithi zangu tu, na hadithi zangu zilisema mkosi.

Upande mwingine nisioupenda ni gredi. Dakika chache baada ya drafti kila mtu hupewa herufi, na kwa akaunti ya kulipia unapewa na maelezo marefu. Mwaka 2024, mwaka wa Strider, nilipewa A. Watu huzipiga picha na kuzituma kwenye kikundi chetu, na kuna mwenzetu aliyepewa D mwaka wa kwanza akakaribia kujitoa. Gredi ile inapima tu kama umefuata orodha yao. Ningependa waiondoe, au waitoe Oktoba.

Ninachokipenda, na sikioni kikisemwa, ni jinsi ukurasa unavyotunza macho ya wakati ule. Ukifungua 2021 unamkuta Shohei Ohtani raundi ya 14. Ya 14! Kumi wote tulimpita mara kumi na tatu. Leo mtu atacheka, lakini Machi ile alikuwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kiwiko 2018 na ambaye msimu wa 2020 alipiga vibaya na karibu hakurusha kabisa. Kisha akapiga homurani 46, akashinda mechi 9 kama mrushaji, na kuchaguliwa mchezaji bora kwa kura zote. Ukurasa hausahihishi chochote. Raundi ya 14 inabaki ya 14, na unakumbuka jinsi ulivyokuwa hujui.

Hivyo hivyo Cal Raleigh mwaka jana, raundi ya tisa, mdakaji, nafasi ambayo watu huiacha hadi mwisho. Homurani 60. Nilikuwa na zamu mbili kabla hajachukuliwa, na daftari langu linasema nilikuwa natafuta mpigaji wa akiba.

Kamishna alituambia mchezo huu ulianzia mezani, mwaka 1980, Daniel Okrent na marafiki zake wakila kwenye mgahawa wa New York ulioitwa La Rotisserie Française. Hesabu walizifanya kwa mkono. Tangu nisikie hivyo nimewaomba wenzangu waje kwangu siku ya drafti, na mwaka jana walikuja wote tisa na simu zao, tukala kwanza. Programu ilihimili simu kumi kwenye intaneti moja ya nyumbani bila kukwama, na stima ilipokatika raundi ya 11 tuliendelea kwa bando za simu bila mtu kupoteza zamu. Hiyo nayo niiseme, maana ni haki yao.

Kwa mtu anayeanza mwaka huu: usilipe. Chezea ya bure, kwa kuwa huna rekodi ya kuangalia na utabiri utaupata kokote. Lipa mwaka wa tatu, ukishakuwa na safu mbili za kulinganisha. Kwa ligi inayobadilisha watu kila msimu sidhani kama inafaa kabisa. Uzuri wake ni kwamba unawajua wenye safu zile.

Mimi nimeshatenga pesa. Drafti ni Jumamosi, Kamishna amehesabu saa mara mbili na kijana wa Voi amesema atafika tangu asubuhi asaidie kumenya vitunguu. Kwenye daftari, ukurasa mpya, nimechora safu tupu ya visanduku 23, na popote nitakapoweka buluu ya kwanza, viwili vilivyo chini yake nimeshavipaka buluu kwa kalamu.