GPS ya mkononi: ukarabati mdogo, faida kubwa
Kifaa changu cha GPS ya mkononi, ninachokitumia kutafuta makasha ya jiokashi, mchezo wa kusaka vikasha vilivyofichwa kwa kuongozwa na mawimbi ya setilaiti za GPS, ulioanza Mei 2000 mara tu Marekani ilipoacha kupunguza makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS kwa raia, kilikuwa kikizimika kila kilipotikiswa. Chanzo kilikuwa kutu kwenye vyuma vinavyogusana na betri. Niliisugua kwa pamba yenye siki kidogo, nikavikausha vizuri, na tatizo likaisha. Kisha niliongeza kadi ya kumbukumbu yenye ramani za bure za OpenStreetMap, hatua ninayoipendekeza kwa dhati kabla ya kufikiria kununua kifaa kipya. Chini ya miti minene bado hukosea kwa mita kadhaa, lakini betri mbili za AA humudu safari ya siku nzima, jambo ambalo simu yangu haijawahi kuliweza.