Mkwaruzo huu si wa koo la Kim Carnes

Nyota moja kwa muuzaji wa santuri, na hiyo moja ni kwa sababu ya kava.

"Mteja wangu, huyo mama ndivyo anavyoimba, sauti yake ya mikwaruzo." Hilo ndilo jibu la muuzaji wa santuri za mitumba nilipomwambia kwamba *Mistaken Identity* aliyoniuzia, albamu ya 1981 ya mwimbaji wa Marekani Kim Carnes, inatatarika kama bisi kwenye sufuria. Aliitangaza kwa alama ya VG+. Kwa wanaonunua santuri, VG+ maana yake imepigwa, imetunzwa, na kasoro zake hazikuzuii kusikiliza. Hakusema samahani. Hakuuliza ni wimbo gani. Alinifundisha sauti ya Kim Carnes, mimi!

Sawa, tuanze na hilo la sauti, maana ndilo lililonichefua. Kim Carnes ana sauti kavu ya mkwaruzo, hakuna anayebisha, na kwa miaka mingi amelinganishwa na mwimbaji wa Uingereza Rod Stewart. Lakini mkwaruzo wa koo unafuata noti. Akipanda unapanda naye, akivuta pumzi unakatika, akinyamaza hakuna kitu. Mkwaruzo wa santuri haujali kama mtu anaimba au hapana. Santuri ya LP, ile ya albamu nzima, inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Ukisikia tiki, ukahesabu sekunde 1.8, ukasikia tiki nyingine pale pale, huo ni mstari uliokata mifereji kutoka nje kwenda ndani. Yangu ina tiki 24 mfululizo ndani ya "Bette Davis Eyes", karibu sekunde 43. Na kwa kuwa wimbo una mwendo wake na tiki ina mwendo wake, mara inaangukia juu ya ule mpigo mkavu kama kofi, mara inaangukia katikati. Hakuna mpiga ngoma wa kupiga hivyo.

Kipimo cha pili ni rahisi zaidi. Bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya, kile kinachochanganya kushoto na kulia kuwa sauti moja. Sauti ya mwimbaji imewekwa katikati, iko sawa spika ya kushoto na ya kulia, kwa hiyo mono haiigusi. Kelele nyingi za vumbi na michubuko zinatokana na sindano kurushwa juu na chini, na mwendo huo ndio mono inaoufuta. Nilipobonyeza, kutatarika kulipungua kwa kiasi kikubwa, na koo la Kim Carnes likabaki na ukavu wake wote. Nilimwandikia muuzaji hivyo hivyo, hatua kwa hatua. Akajibu kwa kidole gumba.

Kidole gumba.

Halafu mwisho wa upande wa kwanza kuna "Draw of the Cards", na hapo kuna tatizo la aina nyingine ambalo, kusema haki, si lote la muuzaji. Ukingoni mwa santuri mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya karibu sentimita 51 kwa sekunde. Ukifika karibu na lebo, ni kama sentimita 21. Muziki ule ule unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na herufi kama "s" na "ch" zinaanza kutema mate. Kwa mwimbaji mwenye sauti laini utavumilia. Kwa huyu, mkwaruzo wa koo umejaa sauti nyembamba za juu, na hizo ndizo mfereji wa karibu na lebo unashindwa kuzibeba. Sindano iliyochakaa inazidisha. Mkono unaobeba sindano, ukiwekwa mwepesi kupita kiasi, unazidisha mara mbili: watu huogopa uzito, wanashusha hadi gramu moja wakidhani wanaitunza santuri, kumbe sindano inarukaruka na kuchonga kuta za mfereji. Kama mtengenezaji wa sindano yako ameandika gramu 1.8, weka 1.8. Mwenye santuri hii kabla yangu hakuweka, kwa sababu nikiinamisha chini ya taa moja ya pembeni naona mifereji ya mwisho imekuwa ya kijivu. Na picha za tangazo zilipigwa chini ya taa ya dari, ambapo kila santuri ni nyeusi tii.

Niliiosha, msije mkasema sikuiosha. Maji safi yasiyo na chumvi sehemu tatu (yale ya kujazia betri yanafaa, ila soma lebo vizuri, tindikali ya betri inauzwa kwenye chupa inayofanana), spiriti ya isopropili sehemu moja, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, unafuta kwa kuzungusha kufuata mifereji, kamwe si kukatiza. Lebo usiiloweshe. Kisha unasuuza kwa maji peke yake na kuisimamisha ikauke. Na kwa yeyote aliyerithi santuri za taarab za zamani za mizunguko 78, zile nzito zinazovunjika kama sahani: hapo spiriti ni marufuku, inayeyusha. Vumbi la *Mistaken Identity* lilitoka, tiki 24 zikabaki 24. Mchubuko hauoshwi.

Kwa hasira nikazipiga albamu zake zote upya, nikitafuta wa kumlaumu. *Voyeur* ya 1982 nikaiona imejaa vinanda vya umeme mpaka mwimbaji anaomba nafasi ya kupita. Labda ni hasira, labda ni kweli. *Mistaken Identity* yenyewe nusura niigeuke. Watu wanamsifu kwa kuandika "Bette Davis Eyes" ilhali hakuandika yeye: ni ya Donna Weiss na Jackie DeShannon, na DeShannon aliirekodi katikati ya miaka ya 70 kwa mtindo mwingine kabisa. Kilichoigeuza ni kile kinanda cha Bill Cuomo, pamoja na usimamizi wa prodyuza Val Garay. Ilikaa namba moja Marekani wiki tisa mwaka 1981, ikachukua Grammy ya rekodi ya mwaka na ya wimbo wa mwaka. Basi nikajiambia, huyu mama anasifiwa kwa jasho la wengine.

Halafu ukaja wimbo uliobeba jina la albamu, alioutunga yeye, nikaona haya.

Maana ukitaka kumjua mtunzi, usianzie 1981. Anzia *Gideon* ya Kenny Rogers, 1980. Wapenzi wa muziki wa country Kenya wanaoimba Kenny Rogers neno kwa neno huenda hawajui kwamba nyimbo za albamu ile, kisa kizima cha yule mchunga ng'ombe, zilitungwa na Kim Carnes pamoja na mumewe Dave Ellingson. Mle ndani yumo mwenyewe kwenye "Don't Fall in Love with a Dreamer", sauti mbili za mkwaruzo zikisuguana bila kuumizana. Sikiliza pale na utaelewa kwamba ukavu wake ni kifaa: anaubana mwanzo wa mstari, anauachia neno la mwisho. Baadaye "The Heart Won't Lie", aliyoiandika na Donna Weiss, ikafika namba moja ya country mwaka 1993 kwa sauti za Reba McEntire na Vince Gill. Na *View from the House* ya 1988, aliyoirekodi Nashville, ina nafasi ya kutosha kati ya ala na ala hata unasikia anavyovuta hewa. Kwa atakayeanza kununua leo, hiyo ndiyo nitakayompa kwanza. Hapana, nampa *Romance Dance* ya 1980. Hapana. Nampa zote mbili, ila asinunue kabla muuzaji hajamtumia sauti: sekunde 30 tangu sindano inapotua, na dakika ya mwisho ya kila upande. Huko ndiko uharibifu unakojificha, ukingoni inapodondoshewa sindano na karibu na lebo. Anayekataa kutuma ana sababu yake.

Nyota moja, narudia, ni kwa muuzaji. Albamu naipa nyota nne. Nne na nusu.

Muuzaji amesema nikirudisha santuri atanirudishia pesa, nauli juu yangu. Ningeirudisha, ila jana niligeuza upande wa pili. "Still Hold On", "Don't Call It Love", "Miss You Tonite", hadi wimbo wa mwisho: hakuna hata tiki moja, mifereji inang'aa mpaka lebo. Kwa hiyo siirudishi. Nusu ya pesa bado naidai.