Amitriptilini au fluoksetini, kwa mvuvi wa Kigoma

Amitriptilini na fluoksetini zote ni dawa za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Kwa mvuvi wa dagaa anayekesha Ziwa Tanganyika, amitriptilini ni mtihani. Usingizi unakuwa mzito, kinywa kinakauka, choo kinakuwa kigumu, na ukiinuka ghafla unapata kizunguzungu, tena ndani ya mtumbwi! Ila kwa mama wa Ujiji asiyefumba jicho usiku, usingizi huohuo ni nafuu. Kinywa atakilowesha kwa maji kidogokidogo, choo kwa papai.

Fluoksetini humezwa asubuhi. Kichefuchefu hupungua ukinywa uji kwanza, na mara nyingi huisha baada ya wiki chache. Hamu ya tendo la ndoa ikishuka, hiyo hung'ang'ania. Mwambie daktari bila haya, usiache dawa ghafla. Mvuvi wangu ningemwambia aulizie hii ya pili.