Wakili wa Barabara ya Nkrumah na mkataba wa Bi Tatu

Bi Tatu ni muuza viazi karai wa Makadara, Mombasa, ambaye hakuna mwizi wa mtaa anayemponyoka. Nimemtunga mimi, na kampuni moja ya filamu ikataka kununua hadithi yake. Mkataba ulikuja kwa barua pepe, kurasa 14 za Kiingereza cha mahakamani. Shoga yangu wa Bondeni akanielekeza kwa wakili mmoja, ofisi ghorofa ya pili Barabara ya Nkrumah. Jina lake silitaji, mwenyewe hapendi kutangazwa.

Mabaya kwanza niyamalize. Ngazi zina giza, feni ina kelele kuliko upepo, na ukipewa miadi ya saa tatu utaingia saa nne na nusu. Kusoma mkataba ni Sh15,000. Barua ya kujibu kampuni ikatozwa kando, Sh6,000, jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema.

Kazi yenyewe sasa. Malipo ya kampuni hakuyagusa. Alifungua kifungu cha tisa, akaweka kalamu juu ya mstari mmoja, akaniuliza: “Mwanangu, ukishatia saini, huyu Bi Tatu atakuwa wa nani?”

Mstari ule uliipa kampuni hadithi pamoja na wahusika wote, na haki ya kutengeneza filamu nyingine, tamthilia na chochote kitakachotokana nao, milele, duniani kote, kwa malipo yale yale ya mara moja. Yaani wangeweza kumwoza Bi Tatu, kumhamishia Nairobi, hata kumuua, nami nisiulizwe. Nikitaka kumwandikia kitabu, niwaombe ruhusa wao! Kwenye simu bwana mmoja wa kampuni alikuwa ameniahidi kwamba ikija filamu ya pili hawatanisahau. Wakili alicheka tu.

Akanipa kisa cha Dashiell Hammett, Mmarekani aliyemtunga mpelelezi Sam Spade. Mwaka 1930 kampuni ya filamu ya Warner Bros. ilinunua haki za riwaya yake moja yenye Spade kwa dola 8,500. Hammett akaendelea kumtumia Spade kwingine, hadi redioni, na Warner wakaenda mahakamani. Mwaka 1954 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba mkataba haukutaja waziwazi haki ya kumtumia tena mhusika yule, hivyo haikuwa imeuzwa. Nikashusha pumzi.

“Usifurahi,” akasema. “Hiyo ni mahakama ya Marekani, jaji wa hapa hafungwi nayo. Na mawakili wa filamu waliisoma kesi hiyo kabla yako, ndiyo maana siku hizi wanataja kila kitu.”

Basi na yeye akataja. Filamu ya kwanza ni yao. Ikija ya pili, mimi ndiye wa kwanza kuitwa kuiandika. Akiandika mwingine, bado nalipwa nusu ya ada ya kwanza. Wakiitengeneza upya ile ile, theluthi. Kumbe ndivyo viwango vilivyozoeleka Hollywood. Vitabu na michezo ya jukwaani vibaki kwangu, na wasipoanza kupiga picha ndani ya miaka mitatu, Bi Tatu arudi kwetu.

Kampuni ilikubali nusu bila ubishi, theluthi ikashuka kuwa robo, miaka mitatu ikawa minne. Kifungu nilichokitaka kuliko vyote, kwamba wasimuue Bi Tatu bila idhini yangu, walikikataa katakata, na wakili hakukipigania nilivyotaka. Eti hakuna atakayetia pesa kwenye filamu yenye sharti kama hilo. Huenda ni kweli, ila bado inaniuma, na kwa hilo nampunguzia nyota moja. Nne kati ya tano.

Kama umeuza hadithi moja ya kupita, isiyo na mtu wa kurudi tena, wakili wa bei nafuu atakutosha. Ila kama una mhusika ambaye watoto wa mtaa wanamwiga, huyu mzee muone kabla hujashika kalamu. Mkataba uchapishe mwenyewe, kwake kila ukurasa unalipia. Na Ijumaa nenda asubuhi, maana akishatoka kwenda msikitini kurudi ni majaaliwa.